Beki Tatu Kapewa Funguo, Lawama Kabebeshwa Yeye: Nani Anafaa Kumwendesha Mtoto?

Gumzo la wiki hii kwenye magrupu ya akina mama wa mjini ni picha ya Toyota IST nyeupe, taa ya mbele imepasuka, bampa limening'inia upande mmoja, mvua inaimwagikia pembeni ya barabara ya Goba kwenda Makongo. Mwenye gari ni staa wa filamu za Kibongo, jina kapuni. Aliyekuwa kwenye usukani ni dada wake wa kazi. Kiti cha nyuma alikuwepo mtoto wa kiume wa miaka minne na begi lake la shule.

Kwanza la heri: mtoto hakupata hata mkwaruzo. Dereva wa bajaji aliyegongwa nyuma naye alikuwa mzima. Walimalizana palepale kwa shilingi 150,000, kila mtu akashika njia yake. Lakini picha ikawa imeshasambaa, na maneno yakaanza. "Beki tatu na usukani wapi na wapi?" "Huyo mama amechoka kulea." "Kazi ya dada ni jikoni, mambo ya gari awaachie wenyewe." Mpaka mama mkwe, anayeishi mkoani, alipiga simu kusema yeye alishatabiri.

Wanaosema hivyo wamelitazama gari lililopondeka wakaliacha lililotokea kabla ya gari kutoka getini. Na hilo ndilo linalotakiwa kusemwa na kila familia inayofikiria kumpa dada funguo.

Watu wa karibu na familia hiyo wanasema dada huyo ana miaka 26, yupo nyumbani hapo mwaka wa tano sasa, tangu mtoto hajazaliwa. Alisomea udereva kwenye chuo kimoja cha mjini, ada alilipiwa na bosi wake, akafaulu na kupata leseni daraja D, ile ya magari binafsi. Kwa miezi minne amempeleka mtoto shule Mikocheni na kumrudisha bila tatizo lolote. Kwa hiyo maneno kwamba "alikabidhiwa gari hajui hata gia" ni uzushi wa mjini.

Asubuhi ya tukio, nyumba ilikuwa imelala saa saba usiku kwa sababu bosi alikuwa na wageni. Dada alibaki kuosha vyombo. Saa kumi na nusu alfajiri akaamka kumwandaa mtoto, uji, sare, mkebe wa chakula. Mvua ilikuwa imeanza. Akamfuata bosi wake mlangoni, akasema kwa adabu: "Mama, leo naomba mtoto tumkodie bajaji ya jirani au tuchelewe kidogo. Macho hayajakaa sawa, na mvua hii naiogopa."

Jibu alilopewa ndilo lililoigonga ile bajaji: "Kwani hiyo leseni uliitafutia nini?"

Basi akachukua funguo. Nani angefanya vingine? Anakula hapo, analala hapo, mshahara wake unatoka hapo. Wakiwa njiani, kwenye mteremko wa Makongo, simu ikaita mara tatu mfululizo kwenye kiti cha pembeni. Mpigaji ni bosi, anataka kujua wamefika wapi. Nyuma mtoto akaanza kulia, kaangusha gari lake la kuchezea. Dada akageuza shingo. Aliporudisha macho mbele, bajaji ilikuwa imesimama.

Sasa, swali ambalo familia nyingi hujiuliza ni "dada anaweza kuendesha?" Ni swali la haki kabisa, ila jibu lake ni jepesi kuliko watu wanavyolifanya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina kifungu cha beki tatu. Inataka mtu awe amefikisha miaka 18, amefunzwa, amejaribiwa na ana leseni ya daraja la gari analoendesha. Kama dada anayo hiyo, mbele ya sheria ni dereva kama alivyo baba mwenye nyumba. Anayesema "hausigeli hawezi" anaongelea dharau yake mwenyewe, kwa sababu huyohuyo, binamu yake wa kiume akishuka kutoka mkoani ana miaka 20 na leseni mbichi, anamrushia funguo siku ya pili akamchukulie mtoto shule. Hakuna kikao kinachoitwa.

Na tuseme ukweli kuhusu hizo njia nyingine ambazo hakuna anayezikalia kikao. Kuna gari la shule linalopita saa kumi na moja alfajiri kukusanya watoto nusu ya mji, mtoto wa chekechea anazungushwa saa moja na nusu akiwa amesinzia, kichwa kimegonga kioo, mkanda hakuna. Kuna bodaboda, watoto watatu wamepangwa mshikaki, mkubwa nyuma, mdogo juu ya tenki, helmeti ipo moja na kaivaa dereva. Dereva huyo mama anamjua kwa namba ya simu tu, imeandikwa "Boda wa Kona". Mbele ya hayo, dada mwenye leseni, kwenye gari lenye milango minne, anayejua mtoto akikohoa ni kikohozi gani, ni chaguo la kuheshimika. Wanaomcheka staa huyu kwa kumpa dada funguo wanacheka kitu kisichostahili kuchekwa.

Lakini hapo hapo upande wa pili nao unakosea, ule unaosema "ah, anampenda mtoto kama wake, hana neno." Mapenzi hayafungi breki. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajalifikiria: yale yanayomfanya dada kuwa mlezi mzuri ndiyo yanayoweza kumharibia akiwa kwenye usukani.

Mlezi mzuri mtoto akilia anageuka. Amefundishwa hivyo na kazi yake miaka mitano. Akisikia kikombe kimeanguka, anakimbia kabla hajafikiri. Dereva mzuri mtoto akilia hageuki. Anaangalia mbele, anatafuta pa kuegesha, anasimama, ndipo anamshughulikia mtoto. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Kugeuka sekunde tatu kuokota toi ni mita 42 bila dereva. Kwenye barabara za Dar, ambako daladala inachomekea, mwingine anatanua kulia na mwenye mkokoteni anakatiza mbele, mita 42 ni nyingi mno.

Hilo halifundishwi kwenye chuo cha udereva, kwa sababu kule mwanafunzi anaendesha na mwalimu, haendeshi na mtoto wa miaka minne anayetaka maji. Kwa hiyo leseni pekee haitoshi kwa kazi hii. Inatakiwa wiki kadhaa za kwenda na kurudi, mzazi akiwa amekaa kiti cha pembeni, mtoto yupo nyuma na vituko vyake vyote, njia ni ileile ya shule na muda ni uleule wa foleni. Mzazi anatazama: mtoto akilia, dada anafanya nini? Akipiga rivasi getini, anashuka kwanza kuangalia nyuma au anategemea kioo? Trafiki akimsimamisha, anatulia au anatetemeka? Kwenye mzunguko anajua nani wa kupita kwanza? Mzazi asiyekuwa na wiki mbili za kufanya hivyo, basi hajawa tayari kumpa mtu yeyote funguo, awe dada, binamu au dereva wa kuajiri.

Kwa habari za watu wa ndani, staa huyu alikaa na dada yake kwenye gari mara moja tu, tena Jumapili, barabara nyeupe.

Kuhusu kiti cha mtoto, hapa ndipo mastaa na wasio mastaa wanapokutana. Gari linanunuliwa rimu mpya, linapigwa tinti, linawekwa redio ya skrini kubwa, lakini kiti cha mtoto hakimo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, kuliko ugonjwa wowote. Linasema pia kiti cha mtoto kikifungwa sawasawa kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa zaidi ya nusu gari likipata ajali. Mtoto wa miaka minne mkanda wa mtu mzima unampita shingoni na tumboni, unaweza kumuumiza wenyewe. Kukaa nyuma, kwenye kiti chake, amefungwa. Hilo linamhusu dada, baba na mama sawasawa, na ni kazi ya mwenye gari kukinunua. Dada hawezi kumfunga mtoto kwenye kiti ambacho hakipo.

Kiti pia kinamwondolea dada nusu ya mzigo. Mtoto aliyefungwa vizuri hasimami katikati ya viti, hachezei kitasa, wala hampandi dereva mgongoni. Analia tu, na kulia hakuui mtu.

Turudi kwenye zile simu tatu. Kila mzazi anajua asiendeshe huku anaongea na simu, na anamwambia dada hivyo hivyo: "Usiguse simu ukiwa barabarani." Saa moja na dakika kumi anampigia mwenyewe. Asipopokea, anapiga tena. Asipopokea ya pili, anapiga ya tatu kwa hasira, na jioni kuna kesi: "Nakupigia hupokei, mwanangu uko naye wapi?" Dada anajifunza haraka kipi ni hatari zaidi kwake, kupokea au kutopokea. Utafiti unaonyesha dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi kuliko asiyetumia. Kwa hiyo bosi anayepiga akijua gari lipo njiani anatakiwa ajihesabu kama mmoja wa watu walioshika usukani. Kanuni ya nyumba inaweza kuwa rahisi: dada anatuma ujumbe kabla ya kuwasha gari, anatuma mwingine akishaegesha shuleni. Katikati hapo hakuna anayempigia, hata nyumba ikiungua.

Kisha kuna suala ambalo wengi hawalipendi, kwa sababu lina harufu ya pesa. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali mwaka 2022 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Dereva binafsi hapa mjini hakuna anayemuajiri kwa pesa hiyo. Dada anapopewa usukani, anakuwa mlezi, mpishi, mfuaji na dereva, mshahara ule ule. Saa za kulala nazo zilezile, maana vyombo vya wageni vinamsubiri. Hapo ndipo inapoanzia ajali, siku nyingi kabla ya mvua kunyesha. Anayeamka saa kumi na nusu kila siku na kulala saa sita hafai kuendesha mtoto, hata kama amefundishwa na dereva wa rais. Familia inayotaka dada aendeshe inabidi imtoe kitu kingine mkononi na imuongeze kitu mfukoni. Kama haiwezi, basi imwache alee.

Na ajali ikitokea? Mjini watu wanadhani gari ni la bosi, kesi ni ya bosi. Trafiki anamchukua aliyeshika usukani. Kama mtu ameumia au amekufa, anayesimama kizimbani kwa kuendesha kwa uzembe ni yule binti, huku mwenye gari akija kama shahidi na miwani yake ya jua. Bima nayo inatakiwa isomwe kabla, haisomwi baada. Bima ndogo inamlipa aliyegongwa, haitengenezi gari la mwenye nyumba. Bima kubwa ina masharti yake kuhusu nani anaruhusiwa kuendesha, na kampuni ikikuta dereva hayumo kwenye masharti inaweza kukataa kulipa. Simu moja kwa wakala wa bima inamaliza utata huo.

Kwa staa wetu, taa na bampa vimegharimu pesa, na inasemekana pesa hiyo inakatwa kwenye mshahara wa dada mpaka iishe. Kama ni kweli, hapo pana tatizo la pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kujikatia anavyotaka kwa sababu ya hasara. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sasa dada huyu akipewa hiyo nafasi ya kujieleza, atasema nini? Atasema: "Mama, nilikwambia."

Hapo ndipo penyewe. Uamuzi wa kumpa dada funguo hauishi siku anapopewa. Unarudiwa kila asubuhi, na mtu mwenye taarifa zote za asubuhi hiyo ni yeye: amelala saa ngapi, kichwa kinauma au la, breki zimelia jana au hazikulia, mvua anaimudu au haimudu. Bosi yupo chumbani anajipaka meikapu ya lokesheni, hajui lolote. Kama dada hana ruhusa ya kusema "leo siendeshi" bila kuulizwa leseni aliitafutia nini, basi kwenye gari hilo hakuna dereva. Kuna mtu anayetii amri akiwa na mtoto nyuma.

Rubani akisema hali ya hewa si nzuri, abiria wananuna lakini hakuna anayemwambia atafute kazi nyingine. Dereva wa basi la mkoani akisinzia, abiria wenyewe wanapiga kelele aegeshe. Dada akisema amechoka, anaambiwa mvivu. Mtoto aliyepo nyuma ni yuleyule ambaye sherehe yake ya kuzaliwa inagharimu mamilioni na kupostiwa siku tatu.

Kwa hiyo familia ikikaa kuamua, iulize ya leseni, iulize ya mazoezi, ya kiti, ya bima na ya mshahara. Yakishapita yote hayo, mzazi ajiulize moja la mwisho: siku dada akikataa, nani atampeleka mtoto? Kama jibu lipo, yaani bajaji ya jirani anayefahamika, baba anachelewa kazini, au mtoto anakosa vipindi viwili vya mwanzo na dunia haianguki, basi dada apewe funguo kwa moyo mweupe. Kama jibu ni "hakuna, lazima aende", basi asipewe, kwa sababu siku hiyo itafika, na itafika na mvua.

Habari za mwisho kutoka Goba ni kwamba funguo zimerudi kwenye mkoba wa staa. Dada yupo jikoni, leseni ipo kwenye begi lake chini ya kitanda. Anasemekana hataki tena hata kuliosha lile gari. Mama mkwe ameridhika. Mtoto sasa anachukuliwa na gari la shule saa kumi na moja alfajiri, giza bado, amekaa kiti cha pembeni ya mlango, mkanda hakuna, kichwa kinagonga kioo kwenye kila tuta kuanzia Goba mpaka Mikocheni. Dereva wake haijulikani alilala saa ngapi. Ndugu, marafiki na wale wote wa kwenye magrupu wametulia, wanasema afadhali sasa mtoto yupo salama.

Wadau, ni kweli?